Abiria wa Mzee Ogola

Siku ya kwanza Kangethe alidhani ni vumbi. Alipuliza kibodi ya kompyuta iliyokaa karibu na dirisha, akaipangusa kwa kiganja, na kiganja kikatoka cheusi kama cha mtu aliyesugua sufuria ya kuni. Alikitazama, akakinusa, kisha akamwita mwenye chuo.

"Madam, kuja uone. Hii ni masizi."

Adero aliacha dirisha alilokuwa akifungua. "Masizi ya kutoka wapi? Huku juu hakuna mtu anapika."

"Ndio nashangaa. Jana nilifunga mimi mwenyewe, na ilikuwa safi."

Kweli hapakuwa na moto karibu. Chuo chao cha kompyuta kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katika barabara inayoteremka kuelekea stesheni ya reli ya Kisumu. Chini waliuza mabati na rangi. Upepo wa ziwani ukiingia ulileta harufu ya omena waliokauka, basi. Adero alichovya kitambaa majini, akasafisha herufi moja moja, na jambo likaishia hapo, kwa sababu wanafunzi walikuwa tayari wanapanda ngazi. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kila mzazi mjini alikuwa ameambiwa kwamba mtoto asiyejua kompyuta ameachwa na dunia.

Kompyuta ile ya dirishani ndiyo aliyoitumia baba yake Adero.

Mzee Ogola alikuwa dereva wa garimoshi la mvuke. Ujana wake aliumalizia kwenye reli ya Nakuru na Kisumu, akivuta mabehewa ya abiria, mpaka injini za dizeli zilipokuja na yeye akastaafu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko. Hata mkewe, Rosa, alimpata relini. Rosa alipandia Muhoroni akiwa na kikapu cha ndizi na kitambaa cha manjano kichwani, na mzee alipenda kusimulia kwamba siku hiyo treni ilichelewa kwa kuwa dereva alikuwa anatazama nyuma badala ya mbele.

Rosa alipofariki, wakamzika nyumbani Awasi, na maneno ya mzee yakazikwa naye. Adero, mtoto wao wa pekee, alimleta akae naye Kaloleni. Mzee alikula akiwekewa chakula, akalala akionyeshwa kitanda. Majirani wakimsalimu aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwingine. Daktari alisema mwili hauna ugonjwa.

Ndipo Kangethe, fundi na mwalimu msaidizi pale chuoni, aliporudi kutoka Nairobi na diski ya mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuendesha garimoshi la makaa ya mawe. Unachochea moto, unaangalia presha ya mvuke, unasimama stesheni, unachukua abiria, unaondoka kwa wakati.

"Si mzee wako alikuwa dereva?" Kangethe alisema. "Mlete ajaribu. Hakuna ubaya."

Mzee aliletwa alasiri moja, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Alikaa mbele ya skrini mikono ikiwa mapajani, akaangalia moshi uliochorwa ukipanda. Kangethe akamwonyesha vitufe vya kubonyeza. Treni ikasogea. Mzee akakunja uso, akainama mbele, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasema sentensi nzima.

"Nani alijaza hii maji? Presha iko chini sana."

Adero alitoka nje kwenye varanda ili asionekane akilia.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo ada. Kila alasiri mzee alivaa koti lake la zamani la reli, akatembea mwenyewe hadi chuoni, akaendesha. Nchi ya mchezo ule ilikuwa ya Wazungu. Kulikuwa na milima ya theluji, madaraja ya mawe, na kwenye stesheni abiria waliochorwa bila nyuso, wote wa koti moja la kijivu. Mzee aliwacheka. Alirudi nyumbani na njaa, akaomba nyongeza ya ugali, akauliza habari za watu. Adero alimshukuru Mungu kanisani kwa sauti.

Masizi yalirudi, akayafuta. Kisha ikaja harufu, harufu ya makaa ya mawe na mafuta ya moto, iliyong'ang'ania mapazia hata madirisha yakiachwa wazi kutwa. Msichana mmoja aliyekaa kwenye kompyuta ile wakati wa somo la asubuhi aliinua mkono, akaomba ahamishwe.

"Kiti kina joto, Madam," alisema kwa aibu. "Kama mtu ndio ametoka kukaa."

Adero alimhamisha, na hakuuliza zaidi. Mtu aliyerudishiwa baba yake hapendi kuuliza amerudishiwa na nani.

Halafu siku moja Kangethe, aliyekuwa amesimama nyuma ya mzee, akamwita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kana kwamba sakafu inayumba.

"Madam. Angalia."

Theluji ilikuwa imeondoka. Kandokando ya reli kulikuwa na misonobari na vibanda vya mabati, na ng'ombe, na udongo mwekundu. Kibao cheupe cha stesheni kikasogea polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Kiliandikwa LONDIANI.

"Hii mchezo haina Londiani," Kangethe akanong'ona. "Imetengenezwa ng'ambo. Haijui hata Kenya iko wapi."

"Tumetoka Nakuru asubuhi," mzee alijibu bila kugeuka, kama anayejibu abiria msumbufu. "Tutafika. Msiwe na haraka."

Kangethe aliitoa diski kwenye kompyuta. Treni iliendelea kwenda. Mzee alipoondoka, Kangethe aliufuta mchezo wote, akauangalia mara mbili kuhakikisha kwamba umefutika. Kesho yake mzee alikaa, akagusa kibodi, na treni ikaondoka Londiani.

"Mkataze," Kangethe akamwambia Adero kwenye ngazi. "Mimi sio mtu wa kuamini vitu, lakini mkataze."

"Nikimkataza atarudi kunyamaza. Ulimwona vile alikuwa?"

"Nilimwona. Lakini pia namwona sasa. Wewe humwoni?"

Adero alikuwa anamwona. Koti la reli lilikuwa limeanza kumning'inia. Alikula kama kijana na bado akakonda, akakohoa kikohozi cheusi kilichochafua leso, na viganjani yakatokea malengelenge kama ya mtu anayeshika koleo ya moto. Alipoulizwa alisema ni kazi. Kila siku garimoshi lilisogea, likapita Lumbwa, likapita Fort Ternan, likiteremka mabonde kuelekea ziwani. Jioni moja, akinawa mikono, mzee akatabasamu peke yake.

"Kesho tunasimama Muhoroni," alisema. "Mama yako atapanda."

Adero alisogeza sahani yake kando.

Kesho yake alisimama nyuma ya kiti mwenyewe. Alijiambia kwamba akiona kitu kibaya atachomoa waya. Treni ikapunguza mwendo, mvuke ukafunika skrini kisha ukapasuka, na jukwaa la Muhoroni likaonekana, limejaa wale abiria wa kijivu wasio na nyuso, wamesimama kimya na mizigo yao. Katikati yao alikuwapo mmoja mwenye uso. Alifunga kitambaa cha manjano. Alikuwa Rosa, si Rosa wa kitanda cha hospitali bali wa picha ya ukutani, mnene, mashavu yanang'aa. Alipanda behewa la kwanza. Wa kijivu wote wakapanda nyuma yake. Na kwenye spika, chini ya mngurumo wa mvuke, ikatoka sauti ambayo Adero aliijua kabla ya kujua maneno.

"Ogola. Ogola, twende. Usinicheleweshe."

Mkono wa Adero ulikuwa kwenye waya, na haukuchomoa. Alitaka kuisikia tena. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote, kwamba alisimama pale, machozi yakimtoka, akingoja mama yake aseme neno jingine.

Alikuwa ameshafika nyumbani, anawasha jiko, ndipo jambo lilipomjia, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Mama yake hakuwahi kumwita mume wake Ogola. Hakumwita hivyo kwa furaha wala kwa ugomvi, wala siku alipokuwa anakata roho. Tangu Adero azaliwe alimwita Wuon Adero, baba yake Adero, na kabla ya hapo, kwa maelezo yao wenyewe, alimwita Dereva.

Asubuhi alimwacha mzee kwa jirani, akamwambia chuo kimefungwa kwa sababu ya mgao wa stima, na hilo lilikuwa kweli, maana siku hizo mitaa ilizimiwa umeme kwa zamu. Kisha akaenda Nyalenda kumtafuta Mama Perez.

Mama Perez alikuwa wa kanisa la Roho, mwanamke mfupi wa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani. Watu walimwendea wakisumbuliwa na vitu visivyo na jina hospitalini. Alimsikiliza Adero huku akipasua kuni, hakumkatiza hata mara moja. Adero alipomaliza, mama huyo aliweka shoka chini.

"Jachien ningemwelewa," alisema. "Jachien ni mtu wetu aliyekufa na uchungu. Unamwuliza shida yake, unamtengenezea, anaenda. Lakini huyo hajui hata jina la mzee la nyumbani. Huyo hajawahi kuwa mama yako. Hiyo ni ile kitu watu wa pwani wanaita jini. Imevaa mama yako kama nguo."

"Inataka nini kwetu?"

"Wewe umesema. Iko na treni, iko na abiria. Inakosa nini? Dereva wa kuifikisha huku kwetu." Akachukua kengele yake ndogo na chupa ya maji ya maombi. "Saa hii imefika wapi hiyo treni?"

"Jana iliacha Muhoroni."

"Na mzee ako wapi?"

Walipofika Kaloleni jirani alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Mzee alikuwa amemwambia anaenda chooni, na koti la reli halikuwa tena kwenye msumari wake nyumbani.

Walimkuta Kangethe chini ya ngazi za chuo, amekaa kwenye ngazi ya mwisho, uso umepauka. Stima ilikuwa imezimwa mtaa mzima. Feni ya duka la chini ilikuwa imesimama, redio za mtaani zimenyamaza, jua la adhuhuri limetua barabarani kama bati. Na kutoka ghorofani ilisikika pumzi nzito ya garimoshi, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia.

"Nilimwambia hakuna stima," Kangethe alisema, akimwangalia Adero kama anayeomba msamaha. "Akaniambia hahitaji stima, ako na moto. Madam, mimi huko juu sirudi."

Adero alipanda, Mama Perez nyuma yake, na kila ngazi ilikuwa na joto kuliko ile ya chini yake, mpaka mkono wake ulipoacha ukuta wenyewe kwa kuungua. Akasukuma mlango, na ndani kompyuta zote zilikuwa zimekufa, skrini nyeusi zimepangwa kama madirisha ya nyumba zilizohamwa, isipokuwa ile moja ya dirishani iliyowaka rangi ya tanuri. Mbele yake alikuwa baba yake amekaa wima, jasho jeusi likimtiririka shingoni, sakafu ikitetemeka chini ya kiti chake kwa mdundo wa magurudumu, na kwenye skrini mashamba ya miwa ya Miwani yakikimbia, yakikimbia mno, kuliko treni yoyote ya mvuke ilivyowahi kukimbia katika reli ile, na mlima wa Nandi upande mmoja na tambarare ya Kano upande mwingine, na mbele kabisa, ambapo reli mbili zilikutana, mng'ao mwembamba wa ziwa.

Uso wa Rosa ulikuwa umeacha behewa. Ulikuwa karibu sana na kioo, ukitazama nje, umejaa skrini yote, ukitabasamu.

Mama Perez alipiga kengele, akaomba kwa Dholuo, akarusha maji. Maji yakafuka mvuke kabla ya kugusa kitu. Akarusha tena. Kibao cha Kibos kikapita. Baada ya Kibos hakuna stesheni nyingine ila Kisumu, na Kisumu ndio mwisho wa reli ile.

"Siwezi," Mama Perez alisema karibu na sikio la Adero, akihema. "Mlango naweza kufunga. Lakini treni haisimamishwi na abiria. Mwambie dereva."

Adero alipiga magoti kando ya kiti. Alitaka kulia, alitaka kumshika baba yake amvute, lakini mwili wa mzee ulikuwa wa moto kama birika. Akanong'ona tu.

"Baba. Mwulize jina lako."

"Mama yako amechoka, nyathina, mwanangu. Wacha nimfikishe."

"Mfikishe. Lakini mwulize kwanza. Mwulize nyumbani alikuwa anakuita nani."

Vidole vya mzee vilipunguza kubonyeza. Aliukazia macho ule uso unaong'aa chini ya kitambaa cha manjano, maana mzee hakuwa mjinga, na pengine swali hilo alikuwa amelikwepa tangu Londiani.

"Min Adero," alisema polepole, akimwita mama wa Adero kama zamani. "Mimi ni nani kwako?"

"Ogola," sauti ikasema. "Fika Kisumu."

"Hilo ni jina la kwenye kitambulisho. Nauliza la nyumbani."

Tabasamu lilibaki usoni, ila macho yakaanza kutafuta, yakienda huku na huku kwenye chumba, yakatua kwa Adero, yakamwacha, kama mtu aliyesahau neno katikati ya uongo. Kisha sauti nyingi zikaanza nyuma yake, za wanaume, za wanawake, za watoto, zote zikisema Ogola, Ogola, Ogola, kwa mdundo wa magurudumu.

Mzee Ogola alilia hapo. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kilio ambacho hakukitoa Awasi siku ya kaburi. Na huku akilia akavuta breki.

Chumba kizima kilipiga kelele ya chuma. Adero alitupwa ukutani. Treni ilisimama katikati ya miwa, mbele kidogo ya Kibos, pahali pasipo na jukwaa wala kibao.

"Mwaga moto," mzee aliamuru, kama alivyokuwa akimwamuru mchocheaji wake zamani, na kwa kuwa hapakuwa na mchocheaji akainuka, akaingiza mikono yake miwili kwenye ile skrini iliyowaka kama anayefungua tanuri, akashika kitu ambacho Adero hakukiona, akakivuta chini kwa uzito wote wa mwili wake. Ikasikika harufu ya nyama inayoungua. Uso wa kitambaa cha manjano ukafungua mdomo, na ndani ya mdomo kulikuwa na makaa. Kisha kioo kikapasuka, mwanga ukaisha, na kukawa na adhuhuri ya kawaida na nzi dirishani.

Katika utulivu huo Adero alisikia sauti ndogo ikitoka mbali ndani ya kompyuta iliyokufa. Ilikuwa milango ya mabehewa, ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Halafu nayo ikanyamaza.

Mama Perez alipiga kengele pembe zote za chumba. "Hapa imetoka," alisema.

Mzee alilazwa, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko. Alikuwa mgonjwa lakini alikuwa yeye. Alimwomba binti yake amsimulie mazishi ya Rosa tangu mwanzo, nani alikuja, nani alihubiri, kwa sababu alisema hakuwa amesikia lolote. Walilia pamoja wodini bila aibu. Aliporuhusiwa, Adero alimpeleka kwa dada wa mzee huko Luanda Kotieno, huko ambako reli haijawahi kufika, akae akitazama feri ya Mbita ikienda na kurudi. Kompyuta ile Kangethe aliivunja kwa nyundo, na Mama Perez akaizika mwenyewe, hakusema wapi.

Chuo kilipofunguliwa tena, Kangethe alirudi kazini na habari aliyoipata kwa wakata miwa. Alichelewa kuisema. Aliisema akiwa amemgeuzia Adero mgongo, anapanga viti.

"Huko karibu na Kibos watu wanaona kitu. Mchana, sio usiku. Wanaona watu wanatembea kwa reli, wengi, wamebeba mizigo. Wamevaa makoti na jua yote hiyo. Hawasalimii mtu."

"Wanatoka wapi?"

"Hakuna anayejua. Wanauliza tu Kisumu ni umbali gani."

Adero alienda Nyalenda siku hiyo hiyo. Mama Perez alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikemea yule mwenye treni," alisema. "Wale wengine niliwasahau. Watu wakishukishwa njiani, watafanya nini, nyathina? Watatembea."

Akina mama wa Roho walienda Kibos na ngoma, wakaomba kando ya reli kutwa nzima, na wakata miwa wakasema hawaoni tena mtu. Adero alilala usingizi wiki ile.

Jumatatu iliyofuata alikuwa akiandikisha wanafunzi wapya. Kulikuwa na jua, redio ya duka la chini ilikuwa inaimba, Kangethe alikuwa ametoka kununua chai. Adero aliinua kichwa akaona mwanamke ameketi kwenye benchi la nyuma, ambaye hakumsikia akiingia. Alivaa koti la kijivu. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeusi la miwa iliyoungua mpaka magotini, na kikapu alikipakata. Uso aliuinamisha.

"Nikusaidie, Mama?" Adero aliuliza. "Umekuja kujiandikisha?"

"Hapana," mwanamke alisema bila kuinua uso. "Tumeambiwa dereva hukaa hapa. Tunangoja atumalizie safari."

Kwenye ngazi zikasikika hatua, nyingi, za watu waliochoka. Mwanamke alizisikia, akajivuta hadi mwisho wa benchi, akawaachia wenzake nafasi.